Kinyesi Kilisafiri, Mtoto Akabaki

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya karibu na Karurumo, muuguzi mkuu hakunipa kipimajoto wala sindano. Alinipeleka kwenye benchi la akina mama, akanionyesha mtoto aliyeviringishwa shuka juu ya shuka, akasema, "Fungua nepi. Mama atakwambia mtoto yuko sawa, lakini nepi haina haya." Nilikuwa nimevaa gauni jeupe lililopigwa pasi na mama yangu, na nilikuwa nimejiandaa kwa mambo makubwa zaidi. Nikafungua.

Muuguzi mkuu yule alitufundisha kukichunguza kinyesi cha mtoto jinsi mkulima anavyochunguza majani ya kahawa yake. Kuna cha manjano cha anayenyonya, kuna cha kijani, kuna chenye kamasi, kuna chenye damu. Kilichomtisha kuliko vyote ni kile cheupe, rangi ya chokaa. Kinyesi hupata rangi kutoka kwa nyongo, na nyongo hutengenezwa na ini. Kikitoka cheupe, nyongo haifiki tumboni. Mara nyingine ni kwa sababu mirija yake imeziba, na ile inayobaki ndani inaliharibu ini taratibu. Macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi. Kuna upasuaji wa kuifungulia nyongo njia nyingine, lakini haungoji mtu. Mtoto akifanyiwa kabla ya kupita miezi miwili hivi, kuna matumaini. Akichelewa, ini linakuwa gumu, na hapo hata mpasuaji hodari hana la kufanya.

Nayaeleza haya mapema ili msije mkadhani hatukujua. Watu hupenda kusema kwamba huku mashambani watoto hufa kwa sababu hatujui. Tulijua.

Kutoka Karurumo nilihamishiwa wodi ya watoto Embu mjini, nikapanga nyumba mtaa wa Majimbo na kukaa huko miaka mingi. Nilifanya kazi chini ya wasimamizi wa kila namna. Mmoja alipenda shuka safi, mwingine alipenda mikutano. Kuhusu watoto wa ini wote walikuwa na agizo moja: andika rufaa, peleka Nairobi. Madaktari bingwa wa tumbo na ini la watoto katika nchi hii ni wachache mno, na karibu wote wako huko, kana kwamba watoto wa mlimani huzaliwa bila ini.

Miaka yangu ya mwisho nilipelekwa hospitali moja upande wa Meru, ambayo sitaitaja. Hapo palikuwa na mradi wa utafiti wa kuhara kwa watoto. Mradi ulikuwa na ofisi yenye vigae, friji zisizozimika stima ikipotea, na gari jipya jeupe. Sisi wa wodini tulikuwa na ambulensi moja iliyokuwa gereji ikingoja kipuri. Kila Ijumaa asubuhi gari la mradi liliteremka Nairobi likiwa na kasha la barafu, na ndani ya kasha mlikuwa na vichupa vya kinyesi cha watoto wetu. Kasha lilifungwa mkanda kwenye kiti. Siwachekeshi, lilifungwa mkanda.

Wakati huo ndipo alipoletwa Kendi, mtoto wa kwanza wa mama mmoja mkulima wa chai. Alikuwa na mwezi na siku kadhaa. Zahanati yao ilikuwa imemwambia mama amwanike juani hadi macho yaache umanjano, naye akamwanika kila asubuhi kwa utiifu. Nilifungua nepi. Cheupe. Daktari wa wodi, kijana makini, alikiona na hakuzungukazunguka. Alimpigia simu bingwa wa Nairobi siku hiyohiyo, na bingwa akajibu, "Mleteni Ijumaa, nitamwona mwenyewe."

Basi tulikuwa na ugonjwa uliojulikana, bingwa aliyekubali, na siku. Kilichokosekana ni gari. Kendi alikuwa ameanza kuvuja damu kitovuni, kwa maana ini likiugua damu haigandi vizuri. Alikuwa kwenye dripu. Mtoto wa hivyo humpakii kwenye matatu, na gari la kukodi lilimshinda mama yake.

Nilimwendea Mratibu wa Mradi, mtu mpole mwenye tai.

"Daktari, Ijumaa gari lako linakwenda Nairobi. Kiti cha nyuma hakina mtu. Nipe mimi na mama na mtoto."

"Sister, ningependa sana. Lakini hiyo gari ni ya study. Insurance inacover staff na samples peke yake. Mfadhili akijua, tutafungiwa."

"Huyu mtoto atakufa."

"Angekuwa anahara, ningemwandikisha leo. Vile iko, ako nje ya protocol." Akaonekana kunionea huruma. "Na hii mambo ya ini ya watoto haina mfadhili, Sister. Hao watoto ni wachache."

Nilimuuliza nani amewahesabu. Hakuna aliyewahesabu, kwa sababu hakuna aliyetoa fedha za kuwahesabu, na fedha hazitolewi kwa sababu eti ni wachache. Nimezunguka na hoja hiyo miaka mingi na bado inanichemsha damu. Watoto niliowaona mimi kwa macho yangu, Embu na Meru, hawakuwa wachache kwa mama zao.

Nikamjaribu dereva, Njeru. Alitazama chini.

"Sista, mimi ningewabeba. Lakini kuna kadude iko kwa gari, inaonyesha kila mahali nimesimama. Na mimi niko na watoto shule."

Sikumlaumu. Ijumaa ile nilisimama kwenye dirisha la wodi na Mama Kendi, tukiliangalia gari likitoka getini na kasha lake.

"Sista, hiyo inaenda Nairobi?"

"Ndiyo."

"Imebeba mgonjwa?"

Nilimwambia imebeba kinyesi. Niliona aibu kana kwamba gari ni langu. Ijumaa iliyofuata likaenda tena, na nyingine tena. Msimamizi wa Hospitali aliniita akaniambia niache kuwasumbua wageni, maana mradi ndio uliotupakia rangi wodi. Kipuri cha ambulensi kilipopatikana, Kendi alikuwa amepita miezi mitatu. Alipelekwa na mama yake na muuguzi mwenzangu. Mpasuaji alimpima akasema ini limeshakuwa gumu. Alizikwa kwao kabla hajajifunza kukaa.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Walinipa keki na blanketi, na Msimamizi akatoa hotuba ya kuusifu mradi, ambao ulikuwa umeongezewa fedha. Mimi siupingi utafiti. Kuhara kumeua watoto wengi na watafiti wake walifanya kazi ya maana. Kinachonikera ni fedha zinazojua kukilinda kichupa na hazijui kumbeba mtoto.

Mama Kendi alikuja kunitembelea nikiwa nimeshazoea kukaa nyumbani. Aliniletea ndizi za kupika, tukazimenya pamoja jikoni. Hakuja kulia. Alitaka tu kunieleza jambo la Nairobi ambalo hakuwa amemwambia mtu.

"Yule daktari wa huko alikasirika na mimi, Sista. Si kwa ubaya, aliona tu mtoto ameharibika. Akaniuliza, 'Mama, miezi hii yote ulikuwa wapi na huyu mtoto?'"

"Ukamjibu nini?"

Alimaliza kumenya ile ndizi aliyokuwa nayo mkononi.

"Nikamwambia nilikuwa hospitali."