Mikono Iliyogeuzwa

Wifi yake alimwibia mikono. Si mfano wa maneno. Aliichukua mikono ya Shoto yote miwili, akaigeuza, akaitia jina lake, akaiombea kazi na akapata. Mwenye mikono akabaki ameiweka mapajani, haina pa kwenda.

Shoto si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na marehemu mumewe, fundi wa sofa, siku alipomshikisha kwa mara ya kwanza sindano ya mpindo, ile iliyopinda kama kucha ya paka, ambayo hushonea pale cherehani isipofika. Mume alimtilia sindano mkono wa kulia, yeye akaihamishia kushoto. Akamrudisha, akahama tena. Mwishowe mume akacheka, akamwambia basi, Shoto, shona unavyojua. Akashona. Watu wengi wamelala usingizi wa mchana juu ya kazi yake, na hakuna aliyeuliza nani kaifanya.

Kazi aliyoipenda ilikuwa ya vifungo. Unapitisha uzi mnene kutoka mbele ya kiti hadi nyuma, unauvuta mpaka sponji ibonyee, unafunga fundo. Ukivuta sana kitambaa kinachanika, ukilegeza kiti kinakuwa kama uso wa mtu aliyeng'olewa meno. Siku moja sindano iliteleza ikampasua ukucha wa gumba la kushoto tangu shinani. Ulipoota upya uliota mapande mawili, kama kwato ya mbuzi. Mumewe akamtania kwamba sasa hawezi kupotea hata akichanganywa na umati.

Mume akafa. Mwenye jengo akaitaka karakana yake, sponji zikatolewa nje zikanyeshewa, na Shoto akaanza kuzunguka kwa miguu kutafuta kazi. Kila mlango aliobisha aliambiwa siku hizi watu hutafutwa mtandaoni. Yeye hakusoma. Simu yake ilikuwa ndogo ya vitufe, ya kusema na kusikiliza tu. Ndipo akamwendea wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa amesoma na aliyependa kila mtu ajue hivyo.

Wifi alimwandikisha kwanza kwenye tovuti ya kazi za kila namna, ambako dereva, nesi na mhasibu wametiwa kapu moja. Waliompigia Shoto walitaka mtu wa kufua na kulea. Mmoja alimuuliza kama anaweza kufundisha hesabu. Shoto akamjibu kwamba angeweza, kama wanafunzi wangekubali wote wafeli.

Aliyemwonyesha njia nyingine ni jirani yao wa zamani pale karakana, mpaka rangi ambaye watu walimwita Vanishi. Akamwambia kuna tovuti ya watu wa samani peke yao, wanaiita Ubao. Humo hakuna nesi wala dereva. Kuna wakata mbao, wapaka vanishi, washona viti, na wenye viwanda wanaowatafuta hao tu. Na Ubao ulikuwa na sharti moja: uso hautakiwi. Unaweka picha ya mikono yako ikifanya kazi, basi. Walioutengeneza walichoka kuona matajiri wakichagua sura na umri badala ya ufundi.

Shoto alifurahi kama mtu aliyesikia jina lake redioni. Uso wake ulikuwa umeshazeeka kwa kilio, lakini mikono yake haikuwa na deni na mtu.

Alimweleza wifi yake. Wifi akaja na simu yake kubwa, akampiga picha za video Shoto akivuta vifungo kwenye kiti kikuukuu cha marehemu. Akamwamuru ageuke, ainue, ashushe, asikohoe. Akaondoka akisema atayashughulikia.

Kila Shoto alipouliza, jibu lilikuwa lile lile, kwamba hawajajibu, kwamba mambo ya mtandao ni bahati. Siku moja wifi akamwomba amshonee mto mmoja wa vifungo, mzuri, wa kuweka chumbani. Shoto akaushona kwa moyo mmoja. Nani anamnyima wifi mto? Baadaye wifi akaanza kuvaa viatu vya kisigino siku za kazi, akasema amepata kibarua cha ofisini. Ukoo ukampongeza, Shoto naye akampongeza, akamuuliza na habari za Ubao. Hawajajibu.

Kumbe walikuwa wamejibu zamani.

Ni Vanishi aliyeyafumbua, na hata hakujua anafumbua nini. Alimkuta Shoto mlangoni kwake, akamwonyesha simu. "Shoto, tazama mikono hii imesifiwa Ubao mzima. Mwenye nayo kachukuliwa kiwandani, anasimamia washonaji wote wa mkono."

Shoto akatazama. Kiti alikijua. Namna ile ya kuvuta uzi huku kidole kidogo kimesimama aliijua. Kisha akaliona gumba, na ukucha wake wa kwato ya mbuzi. Lakini kitu kimoja kilikataa: gumba lile lilikuwa kwenye mkono wa kulia.

Akainua mkono wake wa kushoto, akauweka kando ya simu, akatazama huku na kule kama mtu aliyeona pacha wake akitembea kinyumenyume.

"Gumba ni langu," alisema. "Limefuata nini huku?"

Vanishi akamweleza polepole kwamba simu inaweza kugeuza picha kama kioo kinavyogeuza, kushoto kukawa kulia. Shoto akaelewa yote palepale. Wifi yake hutumia mkono wa kulia. Angefikaje kiwandani na picha ya shoto?

Vanishi akapiga simu kwa watu wa Ubao, akampa Shoto aongee. Akapokea msichana mwenye sauti laini, ya kumlaza mtoto. Akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: mama, wewe unashona kwa mkono gani? Shoto, kwa kuwa hakuzoea uongo, akasema wa kushoto. Msichana akamwambia kwamba mikono iliyoko kwao ni ya mtu wa kulia, kwa hiyo haiwezi kuwa yake. Shoto akaeleza habari ya kugeuzwa. Msichana akasema wengi hudai kazi za wenzao wakiona zimesifiwa, na kwamba Shoto hataruhusiwa kufungua ukurasa kwa mikono hiyo, kwani tayari ina mwenyewe. Labda mwenye ukurasa apige simu mwenyewe, aseme kwa sauti yake kwamba si yake. Ndiyo sheria.

Hivyo ndivyo mtu anavyogeuzwa mwizi wa vidole vyake mwenyewe.

Alikwenda kiwandani, alikoelekezwa na Vanishi. Alimwambia mlinzi amekuja kumwona wifi yake, na kwa hilo hakusema uongo. Ndani mlikuwa na vumbi la sponji na harufu ya gundi, na wanawake wamejipanga kando ya meza ndefu wakishona kimya. Wifi alikuwa akipita nyuma yao, mkono mmoja mgongoni, wa pili akinyooshea kidole: hapa vuta, hapa fumua. Sindano hakuishika.

Alipomwona Shoto hakushtuka. Alitabasamu kama anampokea mgeni sebuleni, akampeleka kwa mkuu wa kiwanda kabla hajafungua mdomo, akamwambia mkuu, huyu ni mjane wa kaka yangu, tangu msiba kichwa hakijatulia, tumvumilie. Shoto alisema yake yote akiwa amesimama, ameinua gumba lake la kwato ya mbuzi. Hakuna aliyempa kiti, kwenye kiwanda cha viti.

Wifi akamjibu kwa upole uliopakwa asali. "Wifi yangu, mikono kwenye picha ni ya kulia, na ukucha wangu ulishapona. Wewe ni Shoto. Si ndivyo kaka alivyokuita?"

Hapo Shoto akauona mto. Mto wake wa vifungo, ule wa chumbani, ulikuwa kwenye kiti cha mkuu, nyuma ya mgongo wake. Ndio uliopelekwa kuwa kipimo cha ufundi. Akamwomba mkuu aufungue nyuma, atazame mafundo. Akamwambia mafundo yake yote huzunguka kinyume na ya watu wa kulia, na picha inaweza kugeuzwa, lakini fundo haligeuki.

Mkuu akauchukua. Akafungua zipu, akachungulia fundo moja, akachungulia la pili. Akamtazama wifi, wifi akatazama viatu vyake. Kwa kitambo kidogo Shoto aliamini dunia ina haki.

Kisha mkuu akafunga zipu, akaurudisha mto mgongoni, akauegemea.

"Mama," alisema, "kazi hapa inakwenda vizuri. Mambo ya mawifi mkayamalize nyumbani."

Nyumbani yalifikishwa. Shemeji mkubwa wa Shoto, kaka wa marehemu na wa wifi, aliwaita, akasikiliza, akakohoa, akasema damu ni nzito. Hakusema ya nani. Wifi akalia kidogo, machozi ya kupimwa na kijiko, akaahidi mbele ya wote kwamba atawapigia Ubao na kusema. Shemeji akasema basi yameisha, akaomba chai. Waliompongeza kwa viatu ndio waliomfariji kwa machozi.

Hajapiga. Akikutana na Shoto njiani huuliza afya yake. Shoto siku hizi hushona viti vilivyochanika vya vinyozi na vya maduka ya dawa, leo kimoja, kesho hakuna. Kila fundo analivutia kushoto, kwa nguvu kuliko zamani, na wenye viti husema vimekazwa kama hasira.

Anachodaiwa wifi si fedha, wala si msamaha, wala hatatakiwa arudishe viatu. Ni maneno machache tu, kwa sauti yake mwenyewe: ile mikono ni ya wifi yangu, mimi niliigeuza. Simu anayo, kubwa kuliko ya mtu yeyote ukooni. Mdomo anao, na amesoma. Neno hilo hajalilipa.