Sifuri za Watu wa Kimuli

Kokuhirwa namfahamu tangu akichunga mbuzi wa baba yake hapa Ihanda, na nikipita huku katika kutembea kwangu hupumzika kwake. Kompyuta alijifunza Bukoba, akarudi kukiandikia chama cha wakulima programu ya kugawa miche ya kahawa.

Alinieleza siku moja tukimenya ndizi. Mtu akiandika kitu, kompyuta inaona maandishi tu, haijui kama ni namba, tarehe au jina. Na viongozi huongeza safu mpya kwenye orodha kila msimu, kwa hiyo hata yeye hakuweza kujua mapema. Basi kila safu ina kibandiko cha kutaja aina yake. Programu ikishaanza kazi inasoma kibandiko kwanza, ndipo inayageuza maandishi kuwa aina hiyo.

“Namba ya mwanachama niliibandika kuwa ni maandishi,” akasema. “Hiyo hujumlishi na kitu, babu. Ni kama jina. Za kijiji cha Kimuli zinaanza na sifuri, za Ihanda hazina.”

Kazi hiyo alimfundisha Joanitha, binti ambaye yeye ndiye aliyemsimamia kipaimara kanisani. Sasa, wiki ile Kokuhirwa alipokwenda msibani Nyakakika, Joanitha aliona kusoma vibandiko kunachelewesha. Akaviondoa, akaiacha programu ikisie: ikikuta tarakimu tupu, izigeuze kuwa namba. Sifuri ya mbele ikadondoka. 047 ya Placidia wa Kimuli ikawa 47, ambayo ni ya Mugisha wa hapa Ihanda.

Siku ya kugawa miche, Mugisha akatangulia kuchukua yake, na Placidia alipofika akaambiwa ameshachukua.

“Nimechukua saa ngapi? Si ndiyo kwanza nashuka kwenye bodaboda?”

Watu wakacheka, lakini nyuma yake Kimuli nzima ilikuwa hivyo hivyo. Evaresta, katibu wa chama, akauliza ni nani aliyeharibu.

Joanitha hakuinua macho. “Programu ni ya mama Kokuhirwa. Mimi nabonyeza tu.”

Kokuhirwa alimtazama, kisha akaivuta kompyuta. Akarudisha vibandiko, akaingiza upya namba kutoka kwenye fomu za karatasi, na alasiri watu wa Kimuli wakaondoka na miche yao. Evaresta akamshukuru. Kisha akamwambia akae nyumbani kwanza, kuanzia Jumatatu kazi ataishika Joanitha.

Nilimuuliza mbona hakujitetea. Kumbe ndani ya programu kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya, na jina la Joanitha lilikuwa pale.

“Nilimsimamia kipaimara, babu. Nilimwachia aseme mwenyewe.”

Jioni Joanitha akaja, amebeba papai.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Kaa.”

Kokuhirwa akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile anayopewa kila mgeni anayeingia nyumba ya watu huku kwetu. Akaninyooshea mimi, nikachukua punje mbili. Halafu, kabla ya kumnyooshea Joanitha, akakifunika, akakiweka magotini.

“Kesho kwa Evaresta utasema wewe,” akauliza polepole, “au niseme mimi?”

Joanitha alikuwa anakitazama kikapu.