Mashahidi Wasipande Chombo Kimoja

Siku ya kwanza niliyoingia kazini, kadhi wetu wa Kismayo hakunionyesha meza wala kalamu. Aliniketisha mkekani akaniambia kwa lahaja yetu, "Mwanangu, mchu akikwambia ana mashahidi wawili, muulize kwanza wapanda chombo kimoja au viwili." Nilicheka. Yeye hakucheka, nami tangu hapo nimekuwa mwoga.

Nilikuwa karani wa wasia. Nyinyi vijana huchanganya wasia na mirathi, basi nieleze. Mtu akifa, mali yake kwanza humzika, kisha hulipa madeni yake. Kabla warithi hawajagawana mafungu yao, hutolewa wasia, yaani alichoagiza mwenyewe, nao usizidi thuluthi, fungu moja katika matatu. Mrithi hausiwi ila wenziwe waridhie. Wasia humfaa asiyefikiwa na mirathi: mtoto wa kulea, au mjukuu aliyefiwa na baba ilhali ami zake wako hai. Huyo asipousiwa, hana kitu. Na wasia husimama kwa mashahidi wawili.

Kadhi alinituma kisiwani Koyama. Nahodha mmoja, Bwana Shee, alikuwa amemlea Mwanaesha, mtoto wa watu, akataka kumwachia chumba cha uani na jiko lake. Mashahidi aliowaleta ni mabaharia wake wawili. Visiwani kwetu ndivyo, mtu hutoa ya moyoni mbele ya wenziwe wa chombo, wanaokula naye sinia moja.

"Bwana Shee, mmoja awe wa nchi kavu," nikamwambia. "Mwite mwadhini."

"Wachu hawa wamenitoa majini nikifa. Leo niwaambie siwaamini?" Akanikazia macho. "Kwani wanitabiria kifo?"

"Hasha, Bwana Shee."

Nilimsihi mpaka chai ikapoa. Akakataa katakata. Nikaandika alivyotaka, nikarudi mjini.

Chombo chao hakikurudi. Wana wa nduguye walipokuja kudai nyumba, kadhi aliita mashahidi. Nilisimama mimi peke yangu, na mmoja hatoshi. Mwanaesha alitoka na mkeka na sufuria yake. Nilishindwa kumtazama usoni.

Baadaye nilihamishiwa kisiwa cha Kudha, kisha cha Ngumi. Kadhi wa pili alikuwa mkali, wa tatu msahaulifu, Mungu amrehemu, lakini swali langu halikubadilika. Watu wakanibandika jina, Karani Chombo. Wakiniona nakuja wanauliza nani anakufa. Wacheke tu, mimi nilikuwa nikiiona ile sufuria.

Sasa nimestaafu, niko Kismayo. Wanangu wengine wako Mombasa na Ulaya. Kaka yao mkubwa alifariki akaniachia binti yake, Zainabu, anayenipikia na kunigombeza. Ami zake wako hai, kwa hiyo mirathi haimfikii, nao nyumba hii wameshaanza kuiulizia kwa simu. Nimemuusia thuluthi. Mashahidi wangu nimewachagua kwa uoga wao: mwalimu wa madrasa na fundi cherehani, watu wasiopenda hata kulowa miguu. Nikadhani nitalala usingizi.

Juzi asubuhi Zainabu akanimiminia chai akasema, "Babu, mwalimu na fundi wamekusalimu. Waenda harusini Kudha."

"Kwa chombo gani?"

"Kimoja, babu. Harusi yote imepanda kimoja."

Nilitoka mbio, nikaisahau bakora. Bandarini nilikuta wameshaketi, fundi kaikumbatia zawadi, mwalimu kashika ukingo kwa mikono miwili. Nikaingia majini na kanzu yangu, nikamshika mwalimu mkono.

"Shuka, mwalimu."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Mzee, kwani wanitabiria kifo?"

Maisha yangu yote ya kazi swali hilo nimelijibu hasha. Nikageuka, nikamwona Zainabu amesimama mchangani, hana habari ya lolote, ameniletea bakora yangu.

"Ndiyo," nikamwambia mwalimu. "Shuka."

Akashuka.