Lenzi Mbili na Fundo la Sale

Alhamisi, tarehe 11 Julai. Ukungu tangu asubuhi, manyunyu kuanzia saa nne, mlima haukuonekana kabisa.

Hivyo ndivyo ukurasa wa siku ile unavyoanza kwenye daftari langu, na hapo sina wasiwasi. Kila siku naandika hali ya hewa na chakula cha jioni, kwa sababu hayo mawili nayajua. Ya katikati naandika kwa penseli.

Siku ile nilishuka Moshi mjini kuchagua lenzi. Kazi yangu ni kupiga picha za ubatizo, kipaimara, harusi na misiba hapa Kibosho na vijiji vya jirani. Kabla ya hapo nilikuwa mpagazi mlimani mpaka magoti yalipokataa. Shule niliishia darasa la saba, na kupiga picha nilijifunza kwa kuharibu picha za watu, ambao wengi walinisamehe. Sikuwahi kujiita mpiga picha za wanyama. Wanyama hawapangi mstari, na hawaulizi picha itakuwa tayari lini, ambalo kwa upande wao ni jema.

Lakini ng'ambo ya korongo, kwenye mti mkubwa ulio nyuma ya zizi la jirani yangu, mbega mmoja alikuwa amezaa. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pee kama pamba. Baada ya wiki chache weusi unaanza kumwingia, mwisho anafanana na wenzake. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni huku juu alikuwa ameniambia, "Ukuta wa chumba changu cha kulia una picha ya simba. Wageni wananiuliza simba yuko wapi, nawaambia hayupo. Niletee mbega na mtoto wake akiwa bado mweupe, nitamshusha simba." Akaongeza kuwa amemwambia na mpiga picha mwingine wa mjini. Nilimshukuru kwa kunieleza. Angeweza kunyamaza.

Mtoto alikuwa na siku kama kumi. Lenzi yangu ya harusi haikumfikia hata kidogo.

Duka la kamera zilizotumika liko kwenye kichochoro karibu na soko. Mwenye duka ni mtu wa mjini, baba yake alikuwa fundi saa papo hapo, na yeye mpaka leo anainua lenzi sikioni kabla ya kuitazama. Alikuwa na mbili za kunifaa. Moja ndefu, ya milimita mia sita, nyeupe, uzito wa mtoto anayeanza kukaa. Ya pili fupi, ya mia tatu, nyeusi, imekwaruzwa ubavuni, lakini kioo chake kipana kama mdomo wa bakuli.

"Mangi," aliniambia, maana sisi wa mlimani kwake wote ni Mangi, "hii ndefu inakuletea mnyama mpaka sebuleni. Ila inapenda jua. Hii fupi haifiki mbali, ila inaona penye kiza."

"Kwetu mwezi huu jua hakuna."

"Basi chukua fupi."

"Lakini mti uko mbali."

"Basi chukua ndefu."

Nilizipima mkononi moja moja. Naye akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Mbali kiasi gani?"

"Kama mita mia na ishirini, kukatisha korongo."

"Na wewe husogei kwa nini?"

Nikamwambia kuna korongo. Hilo ni kweli. Sikumwambia kuwa lina daraja la magogo, na kwamba Jumapili napita hapo kwenda kanisani.

Tukakubaliana nichukue zote mbili nizijaribu, nirudishe moja Jumamosi kabla ya adhuhuri, kwa sababu kuna mteja wa Arusha anayesubiri itakayobaki. Mimi nikamwachia flashi yangu na lenzi ya harusi, ndiyo mabadilishano yetu. Maana yake nikichagua vibaya nimekosa mbega na nimekosa harusi.

Sasa niseme habari ya daraja, maana bila hiyo nitakuwa simtendei haki mwenye duka. Jirani yangu wa ng'ambo ni mama mjane, umri wa mama yangu mzazi. Sisi wote tunatumia mfereji mmoja unaoshuka kutoka msituni, tunauita mfongo, na kila nyumba ina siku yake ya maji. Miaka minne iliyopita, Jumatano moja, nilifungua maji yakaenda kwenye migomba yangu. Yeye akasema Jumatano ni yake. Mimi nikasema wazee walishabadilisha. Tukarushiana maneno mbele ya watu. Tangu hapo nikikutana naye nilimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba, kwa sababu salamu haina kesi. Daraja nilipita kwenda kanisani, lakini kukanyaga kihamba chake, yaani shamba la nyumbani kwake, hapana. Wala yeye changu.

Nilishaitafuta siku ile kwenye daftari nijue nani alikuwa na haki. Imeandikwa: Mvua kidogo. Tulikula ndizi na maharage. Maji hayakutajwa. Kwa hiyo siwezi kusema nilikuwa na haki. Wala siwezi kusema sikuwa nayo.

Ijumaa ukungu ulinyanyuka kidogo saa tatu. Nilibeba lenzi zote mbili mpaka mwisho wa kihamba changu, pale penye uzio wa mimea ya masale juu ya korongo. Stendi yangu ya miguu mitatu ni ya harusi. Ilipowekewa ile mia sita ilianza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Nikaona afadhali niipenyeze lenzi katikati ya masale. Nilishika majani matatu marefu, nikayavuta pamoja, nikayapiga fundo moja la nguvu, na lenzi ikalala juu ya fundo imetulia tuli. Nilijipongeza. Ni mara chache najipongeza, na ilivyotokea, bora nisingefanya hivyo.

Ile ndefu iliwafikia mbega. Niliona mpaka manyoya meupe ya mgongoni mwa mama yakipepea. Lakini ukungu ulikuwa katikati yetu, mwanga haba, na picha zote zilijaa chenga. Mtoto alionekana kama tone la uji kwenye nguo nyeusi. Nikaweka ile fupi. Hiyo ilitoa picha safi kabisa ya mti. Mbega walikuwemo, kama ulijua pa kutafuta. Nikabadilisha tena. Nilifanya hivyo mpaka saa sita, na kila nilipoweka moja niliona nilipaswa kuweka nyingine. Nikaenda kula, fundo nikaliacha palepale, nikijua nitarudi. Mvua ikanyesha, sikurudi.

Mke wangu aliziangalia picha kwenye kioo cha kamera.

"Hii ndefu imepiga ukungu vizuri," akasema.

"Na fupi?"

"Fupi imepiga mti vizuri. Vuka daraja, baba."

"Siwezi."

"Ni magoti?"

"Unajua siyo magoti."

"Najua. Nilitaka uliseme mwenyewe."

Saa kumi na moja jioni tukasikia hodi. Alikuwa jirani wa ng'ambo, na fimbo mkono mmoja. Mkono wa pili alishika majani matatu ya sale yenye fundo. Alikuwa ameyakata kwenye uzio wangu. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa bila kukaribishwa, jambo ambalo kwa umri wake ni haki yake.

Kwetu Uchagani mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la sale lililopigwa fundo. Aliyepelekewa hawezi kukataa. Hata kama kosa ni kubwa kiasi gani, sale likifika, kesi imekwisha. Hili analijua mtoto wa chekechea. Mimi nilikuwa nimelijua kwa zaidi ya miaka hamsini, isipokuwa asubuhi ya siku ile.

"Nimeliona," alisema. "Limekaa tangu asubuhi linatazama kwangu. Nikasema, huyu hana ujasiri wa kulileta, amelifunga mpakani. Si vibaya. Woga nao ni adabu. Basi nimekusamehe yale maji."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia kwamba fundo lile ni la lenzi, kwamba sijaomba radhi, na kwamba habari ya Jumatano bado haijulikani. Mke wangu akaniwekea kikombe cha chai mkononi, cha moto sana, nikalazimika kukishughulikia.

"Baba anashukuru, mama," akasema.

"Ana mdomo wake."

"Ahsante, mama," nikasema.

"Na Jumatano ni yangu."

"Ndiyo, mama."

Akanywa chai, akauliza habari za watoto wote kwa majina, akasifu ndizi zangu kwa namna ya kuonyesha kuwa zimepata maji ya kutosha, akaondoka. Kwa muda wa kikombe kimoja nilikuwa nimekiri kosa na kupoteza siku yangu ya maji. Hayo yote niliyaandika kwa penseli.

"Kesho utavuka," mke wangu alisema.

"Nitavuka kwa uongo."

"Utavuka kwa daraja."

Usiku niliwaza. Nikinyamaza, nitampiga picha mbega kwa ruhusa niliyoipata bila kuiomba. Nikisema, anaweza kunifukuza, na mtoto anazidi kuwa mweusi. Nilijaribu kuona upande wake pia. Alikuwa amevuka magogo kwenye utelezi, kwa fimbo, kwa ajili ya radhi ambayo hakuna mtu aliyemwomba.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa juu kidogo ya migomba. Nilivuka saa moja na mfuko wangu. Nilimkuta anamkatia ng'ombe migomba, panga linashuka bila haraka.

"Kumbe ni hawa ulikuwa unawatafuta," akasema, akionyesha juu kwa panga. "Kila asubuhi wanakojolea bati langu. Wapige tu."

Mti ulikuwa hatua ishirini kutoka zizini. Sikutoa kamera.

"Mama, kuna neno lazima niseme. Lile sale sikulifunga kuomba radhi. Nililifunga lishike lenzi."

Panga halikusimama. "Lile bomba jeupe?"

"Ndiyo."

"Nililiona. Mimi ni mzee, siyo kipofu."

"Sasa mbona ulikuja?"

"Wewe ulifunga, hukufunga?"

"Nilifunga."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Basi. Hata ungefungia mbuzi, sale ni sale. Au unataka tulifungue tuanze tena miaka mingine minne? Wewe labda unayo. Mimi nina huyu ng'ombe na miguu miwili mibovu." Akasukuma vipande vya mgomba kwenye hori. "Jumatano ni yangu hata hivyo."

Nikatoa kamera. Nilianza na ile ndefu, kwa sababu niliipenda, siwezi kuficha. Kwa hatua ishirini ilinipa tundu moja la pua na nywele. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa zizi, ng'ombe akanipumulia shingoni, nikapata matundu mawili. Nikaiweka chini, nikachukua fupi.

Pale chini ya mti kulikuwa na kiza kama cha kanisani kabla ya taa kuwashwa, lakini kile kioo kipana kiliona. Mama mbega alikaa kwenye tawi la chini. Mtoto hakuwa naye. Alikuwa kwa mbega mwingine wa kike, halafu akapewa wa tatu, kila mmoja anamgeuza anamnusa. Nikashangaa kwamba kazi hii naifahamu. Siku ya ubatizo ni vilevile: mashangazi wanapokezana mtoto, na ukipiga wakati huo unapata mgongo na kofia. Unasubiri. Shangazi wa mwisho akimrudisha, mtoto ananyoosha mkono kwa mama yake kabla hajafika, na hapo ndipo uso unaonekana. Nikasubiri. Walipomrudisha, akanyoosha mkono.

Nilipiga nyingi, tatu zikawa na uhai. Moja ndiyo yenyewe. Uso wa mtoto ni wa waridi, umekunjamana kama wa mzee anayesomewa matangazo kanisani. Ncha ya mkia wa mama imekatika pembeni mwa picha, hilo ni kosa langu na siyo la lenzi.

Nilifika mjini saa tano. Mwenye duka akaipokea ile ndefu, akaisikiliza, akairudisha kwenye kabati.

"Nilijua utachukua ndefu," akasema. "Si ulisema mita mia na ishirini?"

"Zimepungua."

"Korongo limesogea?"

"Jirani amesogea."

Akanitazama, akaona nimemaliza. Ni mtu wa heshima, hakuuliza zaidi. Lenzi ya harusi na flashi zilibaki kwake kama tulivyokubaliana. Harusi ya Agosti itabidi niipige na hii mia tatu, nikiwa nimesimama mbali sana na bwana harusi. Nimeshamweleza. Amesema hana neno.

Picha nilimtumia yule mama wa nyumba ya wageni kwa simu. Alijibu akiuliza kama kile cheupe ni taulo. Nikamwambia ni mtoto. Baada ya muda akaandika kwamba sasa ameona mkono, na kwamba mpiga picha wa mjini bado hajaleta kitu. Atamshusha simba Jumatatu, akipata mtu mwenye ngazi. Nikamwambia ngazi ninayo.

Jioni ukungu ulirudi. Tulikula kiburu cha ndizi na maharage, na maziwa ya mgando kutoka ng'ambo.