Safu ya Makato ya Kila Mwaka

Jirani yangu alikuwa na kikokotoo kinachotumia mwanga wa jua. Naanza na hicho kwa sababu nilikichukia kabla ya kumchukia mwenyewe. Alikuwa akikitoa kwenye mfuko wa shati, anakielekeza dirishani, anabonyeza mara nne au tano, kisha anamwambia mke wangu gharama ya salfa, dawa ya ukungu, kwa mkorosho mmoja, msimu huu na msimu uliopita. Mke wangu akasema, "Kumbe!" Nilikuwa na shahada ya historia na zaidi ya miaka kumi ya ndoa, na sikuwahi kuambiwa "Kumbe!" kwa sauti ile.

Nilifika Mtwara mwanzoni mwa miaka ya tisini kufundisha sekondari, kijana wa Nyanda za Juu niliyezoea baridi na viazi. Nikaoa huku huku. Mke wangu ni mtu wa Nanyamba, karani katika ofisi ya serikali, na mama yake alikuwa na mikorosho. Kwetu sisi mali ya mke huingia kwa mume kama maji yanavyoingia mtaroni, hakuna anayeuliza. Kwao mikorosho ni ya upande wa mama, na mume ni mgeni wa kudumu anayekaribishwa chai. Nilichelewa kulielewa hilo. Nilipolielewa nililikubali kwa mdomo.

Jirani alihamia baadaye, katikati ya miaka ya elfu mbili. Alikuwa mtafiti wa korosho katika kituo cha Naliendele, mtu wa Kanda ya Ziwa, mpole, asiyekunywa, anayepiga pasi mashati yake mwenyewe. Alisoma Ulaya miaka miwili na alirudi bila kuitaja Ulaya, jambo lililoniudhi zaidi kuliko kama angeitaja. Mimi nilimwita Mtaalamu. Yeye alidhani ni heshima.

Basi, baada ya misimu mitatu ya bei nzuri, mama mkwe alikuja mjini na bahasha. Aliiweka mapajani mwa mke wangu, akasema, "Hii ni ya uzee wangu. Miguu ikikataa kwenda shambani, nisiwe wa kumwambia mkwe niletee sabuni." Alisema mbele yangu, bila ubaya, na mimi ndiye mkwe.

Wakati ule ndipo mifuko ya uwekezaji wa pamoja ilipoanza kusikika mpaka kwetu. Watu wengi wanachanga pesa, meneja mmoja Dar es Salaam anazinunulia hisa na dhamana za serikali, na kila aliyechanga anapata vipande kulingana na pesa yake. Mke wangu alisikia redioni, akapenda. Kulikuwa na mifuko miwili ya kuchagua. Na hakuniuliza mimi. Alimuuliza Mtaalamu, kwenye ukuta wa uani, huku akianua nguo.

Nilikuwa dirishani. Sitasema nilikuwa nafanya nini dirishani.

"Shemeji, usiangalie faida wanayoitangaza," alisema. "Faida ya kesho hakuna anayeijua, hata wao. Angalia gharama. Gharama inajulikana leo."

Akaenda kwake, akarudi na jarida la Ulaya lenye jedwali. Alimweleza kwamba alipokuwa masomoni alinunua kidogo katika mfuko wa aina nyingine, unaouzwa sokoni kama hisa yenyewe, saa yoyote soko likiwa wazi. Ule hauna meneja wa kubuni mambo. Unafuata tu orodha ya kampuni kubwa, na kwa sababu hakuna anayelipwa kwa kufikiri, gharama yake ni ndogo sana. "Huku kwetu haujafika," alisema. "Lakini namna ya kulinganisha ni ile ile. Mimi ningechukua huu wa kwanza."

"Kumbe!" alisema mke wangu.

Nikaapa kwamba atachukua ule wa pili.

Hapo sikuwa najua lolote kuhusu mifuko yote miwili. Nilichojua ni kwamba mtu mmoja alikuwa anasikilizwa katika ua wangu, na hakuwa mimi. Laiti ungekuwa wivu wa kawaida, ule wa mwanamume na mkewe, ningejua pa kuupeleka; kuna mashemeji, kuna wazee wa kanisa. Utamwendea mzee gani wa kanisa kumwambia, "Jirani ananizidi kwa asilimia"?

Nilifanya utafiti wiki tatu. Nilikwenda kwenye duka la intaneti karibu na soko, ambako ukurasa mmoja ulifunguka kutoka juu kuja chini kama pazia linaloshushwa na mvivu. Nililipa nusu saa kuona nembo, nusu saa nyingine kuona picha ya familia inayocheka, na umeme ukakatika kabla ya kufika kwenye gharama. Nikaenda benki. Msichana wa kaunta alinipa vipeperushi vya mifuko yote miwili, akaniambia, "Mwalimu, huu wa pili hautozi kuingia. Bure kabisa. Ule wa kwanza wanakata asilimia mbili mlangoni."

Ningeweza kumbusu. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, juani, nikitabasamu peke yangu. Bure kabisa! Na Mtaalamu na jarida lake la Ulaya hakuliona hilo!

Nilifika, nikakaa mezani, na kwa sababu nimesoma chuo kikuu nikasoma kipeperushi mpaka nyuma, kwenye maandishi madogo. Mfuko wa pili haukuwa na kiingilio, ila kila mwaka ulikata asilimia tatu na nusu kwa ajili ya usimamizi. Wa kwanza ulikata moja na nusu. Na makato hayo hayaonekani popote. Hukatwa ndani kwa ndani kabla bei ya kipande haijatangazwa, kwa hiyo mwenye pesa haletewi hata karatasi ya kumkasirisha. Nikachukua daftari la mwanafunzi na kupiga hesabu nyuma yake, kwa mkono, bila kikokotoo. Mwaka wa kwanza mifuko miwili ilikuwa sawasawa. Mwaka wa pili, mfuko wa kwanza ukatangulia. Mwaka wa kumi sikutaka kuutazama, lakini niliutazama. Pesa ya mama mkwe, ile ya sabuni, ndani ya mfuko wa pili ilikuwa imepungua sehemu kubwa ambayo Mtaalamu alikuwa ameiona siku ya kwanza, akiwa ameegemea ukuta.

Hapa inabidi niseme nilichofanya. Nilinunua karatasi ya manila na kalamu za wino mzito, nyekundu na buluu, nikachora jedwali zuri kuliko yote niliyowahi kuchora. Kiwango cha chini cha kuanzia. Kiingilio. Gharama ya kuuza vipande. Siku za kusubiri malipo. Safu nne. Safu ya makato ya kila mwaka sikuiweka. Nilijiambia ni jambo la kitaalamu, litamchanganya mama. Sentensi hiyo niliisema kwa sauti kabisa, jikoni, nikiwa peke yangu, na hata kuta hazikuniamini.

Kisha nikamwalika Mtaalamu. "Njoo Jumapili, Mtaalamu, unisahihishe," nilimwambia, kwa ukarimu wa mtu aliyekwisha funga mlango kwa ndani.

Jumapili alasiri nilibandika manila ukutani sebuleni. Mama mkwe alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, hapendi viti vyetu, anabangua korosho zilizochomwa na kuziweka kwenye bakuli. Mke wangu alikuwa na daftari. Mtaalamu alikaa karibu na mlango, amevaa shati la pasi.

Nilifundisha. Sijui neno jingine. Nilisimama kama niko mbele ya kidato cha nne, nikapita safu kwa safu kwa kijiti, na nilipofika kwenye kiingilio nikaandika neno BURE kwa nyekundu, nikalipigia mstari mara mbili. Nikamtupia jicho Mtaalamu. Alikuwa anatazama jedwali kwa makini, kisha akatazama viatu vyake. Alikuwa ameona. Nikasubiri aseme.

Aliyesema ni mama mkwe, bila kuinua macho kwenye korosho.

"Mwalimu, haya uliyosoma ni makato ya siku ya kupima."

"Ndiyo, mama. Ya kuingia."

"Chama cha ushirika kwetu kinakata siku ya kupima korosho. Gunia, kamba, gari, ghala, na cha kwao wenyewe. Tunawatukana, tunaondoka, tumeachana mpaka msimu mwingine." Akapasua korosho nyingine. "Hawa nakaa nao miaka. Hao wanaokaa na pesa yangu miaka yote hiyo, tena bure, wanakula nini?"

Yule mama hajui kusoma. Amekaa miaka yake yote kwenye benchi la chama akisikiliza karani akisoma makato, na amejifunza kusikia lile ambalo karani hakulisoma.

Kijiti kilikuwa bado juu ya BURE.

"Nafikiri Mwalimu alikuwa anafika huko, mama," alisema Mtaalamu kwa upole. Na akarudisha kikokotoo mfukoni, alichokuwa amekitoa nusu, ili kisionekane.

Nimesamehewa mara kadhaa maishani, lakini sijawahi kusamehewa kwa adabu ya kuudhi namna ile. Ningeweza kupita kwenye mlango alionifungulia. Ningeweza pia kusema wanakula kidogo tu, na angeniamini, maana mimi ni mwalimu. Nilimtazama yule mama na vidole vyake vilivyoungua kwa mafuta ya korosho miaka na miaka, nikachukua kalamu ya buluu. Manila ilikuwa imejaa. Nikaandika pembeni, kwa kubananisha, herufi zikiwa zimelala ubavu: Kila mwaka. Chini yake, tatu na nusu. Chini yake, moja na nusu. Halafu za mwaka wa tano, halafu za mwaka wa kumi.

"Mbona hukokotoi?" aliuliza mke wangu.

"Ehe?"

"Unaandika tu. Namba zote unazo kichwani." Aliweka kalamu yake chini. "Ulikuwa unazijua."

Nilisema nilikuwa nazijua. Mama mkwe akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Karani kabisa huyu," alisema, na akanisogezea bakuli la korosho. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha, makarani amewazoea.

Mke wangu hakucheka. Alinunua vipande vya mfuko wa kwanza Jumatano iliyofuata, bila mimi. Alikaa siku nne akinijibu kwa neno moja moja. Siku ya tano, tukiwa tunakunywa chai, alisema, "Taarifa ya mfuko ikija kila mwaka, utaisoma wewe."

"Kwa nini isiwe Mtaalamu?"

"Mtaalamu hajawahi kuficha kitu. Wewe unajua makato yanakokaa."

Mtaalamu alihamishwa miaka michache baadaye. Tuliagana vizuri, na akaniachia kile kikokotoo; alisema Mwalimu atakihitaji kuliko yeye. Nakichukia mpaka leo, na kinafanya kazi mpaka leo. Kila taarifa inapofika nakielekeza dirishani na kuanza na maandishi madogo ya nyuma, na mama mkwe, ambaye sasa anakaa kwetu na miguu yake imekwisha kukataa, anauliza kutoka chumbani, "Wamekula ngapi?" Namwambia. Anasema bado wana adabu. Sabuni ananunua mwenyewe.

Ile manila mke wangu hakuitupa. Aliikata akatandika kwenye rafu ya kabati la vyombo, na angeweza kutandika upande wowote. Alitandika ule wa pembeni, maandishi yakiwa juu. Kila asubuhi nikitoa kikombe nainamisha kichwa kidogo, kwa sababu herufi zimelala, na naisoma safu yangu.