Fundi wa Landless na kompyuta iliyofanya kazi mbele yake tu

Saa nne asubuhi, Ijumaa. Mourine Nafuna amekalia ndoo iliyopinduliwa, mkono shavuni, mbele ya kompyuta iliyo na umri mkubwa kuliko wasichana wengi wa karakana hii ya Ruiru. Hajashika bisibisi. Anatazama tu.

"Mama Austine, si uanze kazi?" anauliza Wamboi, anayeendesha mashine ya kufuma sweta.

"Hii ndiyo kazi," Nafuna anamjibu bila kugeuka. "Leo sigusi kitu. Fanyeni vile mnafanyanga nikiwa sipo."

Karakana hii hufuma sweta za shule. Mashine yake ni ya zamani na haisikii amri ya mtu yeyote ila ya kompyuta hiyo. Michoro ya sweta huchorwa Thika na dada mmoja aitwaye Ciku, kisha hutumwa kwa intaneti. Kompyuta yenyewe haijui intaneti ni mnyama gani. Inaamini bado inapiga simu ya mezani. Anayeidanganya ni modemu isiyotumia waya, ndogo kama kiberiti, ambayo Nafuna aliichomeka nyuma yake miaka miwili iliyopita.

Tangu Mei mawimbi yamekuwa dhaifu na michoro inakatika njiani. Mwenye karakana, Karanja, amechoka. Amesema ikifika saa sita mchana kabla mchoro wa muhula ujao haujaingia mzima, kompyuta na mashine vitauzwa kwa kilo, na ataleta mashine mpya inayoendeshwa na mtu mmoja. Hii ya sasa inawalisha wanne, na Wamboi ni mmoja wao. Mutie, mnunuzi wa vyuma chakavu, tayari ameegesha mkokoteni mlangoni na kutundika mizani yake.

"Si ubaya," anasema Karanja. "Lakini kitu ya miaka thelathini utaibembeleza mpaka lini?"

"Wewe una sitini na hakuna mtu amekuja kukupima na mizani," anajibu Nafuna.

Wamboi anacheka hadi anashika mbavu. Karanja hacheki.

Ubishi huu haukuanza leo. Nafuna, mwenye umri wa miaka 44, ni mzaliwa wa Chwele, Bungoma. Alifika Thika akiwa na miaka 21 na kuajiriwa kufagia ofisi za kiwanda cha nyuzi. Fundi wa kompyuta alipojipenyeza chini ya meza, yeye ndiye aliyemshikia tochi, na macho yake hayakuwa kwenye vumbi. Kiwanda kilipotupa kompyuta kumi na moja, aliomba nne akazisukuma mwenyewe kwa mkokoteni hadi mtaa wa Landless, huko huko Thika. Majirani wakambandika jina: Mama Takataka.

"Waliniita hivyo miaka tatu," anasema. "Halafu zao zikaharibika, wakaanza kuja na heshima."

Siku hizi kibanda chake cha kutengeneza kompyuta humpa kati ya shilingi 18,000 na 25,000 kwa mwezi. Mwezi mbaya haufiki hata 10,000. Cheti hana, na hababaishwi na mafundi wenye vyeti.

"Ukiwapelekea kitu ya zamani, wanakuambia nunua ingine. Huo si ufundi, hiyo ni biashara ya kuuza."

Lakini kompyuta ya Ruiru ilikuwa imemfedhehesha. Ameitwa mara tatu tangu Mei. Kila akifika, mawimbi ni mazuri na mchoro unaingia wote. Akiondoka, kabla hata hajafika Thika, simu inalia: imekataa tena. Mara ya kwanza alibadilisha waya, mara ya pili antena, mara ya tatu akahamisha ruta, kifaa kinachorusha mawimbi ya intaneti, iliyokuwa ofisini kwa Karanja. Minong'ono ikaanza. Wengine walisema kompyuta inamwogopa. Wengine walisema anaiharibu mwenyewe ili aitwe tena, na hilo lilimuuma kuliko Mama Takataka.

Ndiyo maana leo amekaa kama mgeni. Kwenye skrini, iliyo juu ya meza, ameacha namba inayopima mawimbi. Namba ikiwa ndogo, anaeleza, mawimbi yana nguvu. Inasoma 55.

Wamboi anaanza kupokea mchoro. Kisha, kama afanyavyo kila siku, anainama na kufunga mlango wa sanduku la chuma lililo chini ya meza, ambamo kompyuta na modemu yake hukaa. Anatia kofuli.

Namba inaruka hadi 71, kisha 88. Mchoro unakatika.

"Fungua," anasema Nafuna. Inarudi 56. "Funga tena." Inakuwa 89.

"Ngai! Mungu wangu!" anasema Wamboi.

Nafuna anainuka polepole. Sanduku lile ni wazo lake. Mei, wezi walipoiba mota ya cherehani, Karanja alimpigia simu kuuliza afanye nini. "Fungia ndani ya chuma," alimwambia, na fundi wa kuchomelea akaunda sanduku zima, lenye tundu dogo tu la nyaya. Kila Nafuna alipokuja alifunguliwa mlango ili afanye kazi. Akiondoka walifunga, kwa utiifu wote, kama alivyowaagiza.

Angeweza kunyamaza. Angesingizia modemu, na nani angejua? Anawageukia wote, Mutie akiwemo.

"Makosa ni yangu. Mimi ndiye nilisema chuma, na mawimbi haipiti kwa chuma. Hii kompyuta haijakosea mtu. Sasa nipeni drili."

"Na wezi?" anauliza Karanja.

"Kompyuta inabaki ndani na kofuli yake. Hii kidude ndiyo inatoka. Mwizi akiiba ataichomeka wapi?"

Anatoboa ubavu wa sanduku huku Mutie akilishikilia lisitikisike. Anapitisha waya wa mita mbili na kuitundika modemu kwenye nguzo ya mbao, juu kabisa. Mlango unafungwa. Namba inasoma 52.

Mchoro unaingia mstari kwa mstari. Dakika saba kabla ya saa sita, mashine inanguruma na kuanza kufuma uzi wa kijani. Wamboi anamkumbatia Nafuna na kulia waziwazi.

"Nilikuwa nishaambia watoto tunahama," anasema.

Karanja anatazama saa yake, kisha anamwambia Mutie leo hakuna mzigo. Anatoa shilingi 1,500 za fundi. Nafuna anazikataa.

"Makosa yangu siuzi," anasema.

Mpango wake sasa ni kutafuta kompyuta mbili za aina hiyo ziwe akiba ya vipuri, na kumfundisha Wamboi kusoma ile namba mwenyewe. Anamfuata Mutie anayefungasha mizani yake.

"Wewe unazunguka Thika na Ruiru yote. Ukipata ingine kama hii, usiivunje. Niite kwanza."

"Na kama imekufa?"

"Hiyo si wewe utasema," anasema Nafuna. "Ni mimi."