Kawa Nne za Mbale

Siku ile ya kawa nne bado naikumbuka, mwanangu, pamoja na harufu ya rangi iliyokuwa mikononi mwangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikaa Mafubira, mjini Jinja, mimi na habuba yangu, kwani sisi Wanubi bibi tunamwita habuba. King'ora cha kiwanda cha nguo kilipolia asubuhi, sisi tulikuwa tumeshakaa mkekani tunasuka. Tulisuka kawa za kufunikia chakula, zile pana za rangi nyekundu, manjano na zambarau. Siku hizi nikichemsha rangi namsikia bado akiniambia nipunguze moto. Ningefurahi kumsikia kweli, hata kama ni kwa kunigombeza.

Mama mmoja wa Mbale, aliyekaa chini ya mlima Wanale, alituletea barua kwa mkono wa dereva wa basi. Alikuwa anamwoza binti yake, akataka kawa nne kubwa. Habuba alikuwa na homa, kwa hiyo bei nikaipanga mimi, na hapo ndipo nilipojiona mjanja. Nilishika kawa moja, nikaipima kwa mkono, nikaiona nyepesi kama kuku aliyenyonyolewa. Nikamwandikia kwamba bei ni hii na nauli ya mzigo mpaka Mbale imo ndani. Mama yule akatuma pesa yote bila kupunguza hata senti. Nikatenga kidogo cha nauli, na kilichobaki nikanunua kitambaa cha gauni, maana nami ujana ulikuwa unaniwasha.

Kwenye ofisi ya mizigo, karani hakugusa hata mizani. Alizitazama kawa kwa upana wake, akacheka.

"Dada, hii hapana ya kilo," akaniambia. "Hii inakula nafasi ya watu wawili."

Akataja bei mara tatu ya ile niliyoifikiria. Ningeweza kurudi nyumbani nikamweleza habuba. Ningeweza kukirudisha kitambaa dukani, kilikuwa hata hakijakatwa. Lakini niliona haya, mwanangu, na haya ya namna hiyo ni mshauri mbaya. Nikamwambia karani aandike kwamba aliyeko Mbale atamalizia. Basi likaondoka. Nikarudi nyumbani nikala, nikalala vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba nililala vizuri.

Juma lililofuata kawa zikarudi Jinja, na dereva akasimulia yote mbele ya habuba. Mama wa watu alikwenda kuzichukua siku moja kabla ya arusi. Alikwenda mikono mitupu kwa kuwa alijua ameshalipa, na akiba yake ilikuwa imekwishia kwenye mchele na nyama. Aliomba, aliapa, karani wa huko akasema yeye anafuata kilichoandikwa. Basi chakula cha arusi kikatoka jikoni kwenda kwa watu wa bwana arusi kimefunikwa mashuka ya kitandani. Kwetu wakati ule, kawa ndizo zilizoonyesha kwamba binti ana mama na mashangazi waliokaa chini wakamwandalia. Wageni waliyaona mashuka, wakatazamana.

Habuba hakupandisha sauti. Alimaliza mzunguko aliokuwa akiusuka, akaweka sindano chini.

"Kosa umelifanya hapa Jinja," akasema. "Kwa nini umelipandisha basi?"

Nikakitoa kitambaa nilikokificha, nikakiweka mbele yake.

Kesho yake tukakiuza kitambaa changu. Tukapanda basi la Mbale naye akiwa bado anakohoa, kawa mbili mapajani mwake na mbili mapajani mwangu. Nilipita Busiu, karibu na Mbale, nikiikodolea macho migomba bila kuiona. Yule mama alitupokea kwa salamu zote, akatuchemshia chai. Laiti angenifukuza! Habuba akanikazia macho mpaka nikasema mwenyewe kwamba kosa ni langu, si la karani wala la dereva. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, nami siku hiyo nilichutama mbele ya birika la chai.

Mama yule aliniongezea chai. "Binti, ungeniambia mapema ningekuja Jinja mwenyewe," akasema. "Ningezibeba kichwani."

Akazipokea kawa zake pamoja na pesa kidogo iliyobaki ya kitambaa, akazitundika ukutani. Binti alikuwa ameshakwenda kwa mumewe.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mjukuu wangu Salma. Naye anasuka, tena ananishinda kwa kuchanganya rangi, ingawa simwambii asije akavimba kichwa. Ila yeye anauza kwa simu. Anapiga picha, anaiweka mtandaoni, na watu wanamwandikia kutoka miji ambayo mimi sijaikanyaga. Mwezi uliopita alikuwa ameandika nauli moja kwa kila kitu, kikapu kidogo na kawa pana sawasawa. Dada mmoja wa Busiu akalipia kawa tatu za arusi ya mdogo wake. Salma alipouliza ofisi ya mizigo, akatajiwa bei iliyomeza faida yake yote. Nikamkuta anaandika kwenye simu kwamba mzigo utakuja, na kwamba mteja atamalizia nauli akienda kuuchukua. Alikuwa hajautuma ujumbe wenyewe. Nikamwomba aiweke simu chini, nikamsimulia habari ya mashuka.

"Lakini habuba, nitabaki bila kitu," akasema.

Nikamwambia ndiyo, safari hii atabaki bila kitu. Alinuna kidogo, kisha akafuta ujumbe, akalipa nauli yote, kawa zikaondoka. Jioni ile ile akachukua futi ya fundi cherehani, akapima kila kitu kikiwa kimeshafungwa, akabadilisha bei zote mtandaoni.

Sasa wewe, mwanangu unayeuza kwa simu, nisikilize. Pima mzigo ukiwa umeshafungwa, urefu na upana, wala usiuamini mkono wako kama nilivyouamini wangu. Uliza nauli kabla hujaandika bei. Ukikosea na mtu ameshalipa, ahadi ni deni, libebe mwenyewe. Ikiwa kweli huna uwezo, mwambie kabla mzigo haujavuka mlango wako, ukiri kwamba kosa ni lako, na umwachie achague kuongeza au kurudishiwa pesa yake yote. Asije akajulia ofisini, mbele ya karani, siku moja kabla ya arusi. Na ukigundua umemtoza zaidi, mrudishie kilichozidi kabla hajauliza, maana kosa la kutunufaisha huwa tunachelewa sana kuliona. Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha kosa la nauli tu, akaaibika binti wa watu.

Juzi Salma aliniletea simu yake. Yule dada wa Busiu alikuwa ametuma picha. Wanawake watatu wanatoka jikoni kwa mstari, sinia kichwani, na juu ya kila sinia kuna kawa yetu. Nikavaa miwani, nikaitazama mpaka simu ikazima mwanga, nikamwambia aiwashe tena. Nilikuwa namtafuta yule mama wa chini ya Wanale, ingawa najua alishatangulia mbele ya haki miaka mingi.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kazi, mwanangu, na ulimi mwepesi wa kusema umekosea. Na kila utakachokituma kwa watu, akifikishe kabla ya arusi.